Njia Iliyoshuka Ufukweni

Inspekta alipiga magoti mbele ya jiwe la tatu, na wifi yake akaketi palepale njiani, kwani asubuhi ile alikwisha jifunza kwamba mwanamke huyu akishapiga magoti hainuki upesi.

"Hilo nalo lina nini?" wifi aliuliza.

"Lina mstari."

"Na lile tuliloliacha nyuma?"

"Nalo lilikuwa na mstari."

Wifi aliegemea begi lake, akanyoosha miguu, akaitazama bahari iliyokuwa ikimetameta chini ya majabali kana kwamba haina habari na polisi. Alisema kaka mtu ndiye aliyemdanganya. Alimwambia, nenda na dada yangu mkatembee kando ya bahari, mkapumzike. Hakumwambia kwamba bahari yenyewe wataitembea kwa magoti.

"Ungeolewa kwingine," Inspekta alisema bila kugeuka, "saa hizi ungekuwa umelala."

"Kwingine walinitaka, wifi. Huruma ndiyo iliyoniponza."

Walikuwa likizo, na likizo ilikuwa tamu. Njia ya Pwani ilianzia kwenye mnara wa taa ikafuata ukingo wa majabali, rasi baada ya rasi, hadi bandari ya upande wa pili. Mwenye miguu mizuri aliimaliza kwa wiki moja. Wifi alikwisha tangaza kwamba yeye ataimaliza kwa maisha yake yote. Nyasi zilikuwa fupi, zikidunda chini ya kiatu, na upepo ulikausha jasho kabla halijashuka. Kila palipokuwa na shaka palikuwa na alama: mstari mmoja wa manjano uliolala, umepakwa kwenye jiwe, nguzo au ukuta. Ukiuona mstari, uko njiani. Usipouona, rudi ulikotoka. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini kwa majuma kadhaa sasa, kwenye kipande hiki cha njia, mistari ilikuwa imeacha kusema kweli. Badala ya kupanda rasini, ilishuka bondeni hadi kwenye ufuko mdogo uliofungwa na majabali pande zote, ambako hapakuwa na kitu ila mgahawa mmoja na ngazi ndefu ya kurudia juu. Watembezi walishuka wakiimba, wakapanda wakitukana. Bibi mmoja aliteguka mguu. Ofisi ya Njia ikakaa, ikajadili, ikaona mambo mawili: anayefaidika ni mwenye mgahawa, na anayeshika brashi ni mtunza njia. Mchana wa leo Mkuu wa Njia angefika kwa miguu, akutane na mtunza njia pale mgahawani, amvue koti la kazi na kuchukua funguo za stoo. Na pamoja na funguo za stoo, funguo za nyumba. Maana nyumba aliyoishi na mkewe ilikuwa ya kazi.

Haya yote Inspekta aliyasikia asubuhi kutoka kwa mke wa mtunza njia, aliyekuja nyumba ya wageni baada ya kuambiwa kwamba kuna afisa wa polisi amefikia pale. Hakulia. Alisema mume wake, ambaye watu wote humwita Brashi, ana makosa yake, anakoroma na anasahau, lakini kupaka mstari wa uongo hawezi, kama vile mwalimu wa hesabu asivyoweza kusema mbili na mbili ni tano. Alipoulizwa mume mwenyewe anasemaje, aliinamisha kichwa. Mume hasemi neno.

Hilo ndilo lililomfanya Inspekta afunge kamba za viatu kabla ya chai. Kwa uzoefu wake, mwenye hatia husema sana, na asiye na hatia husema zaidi. Anayenyamaza ana kitu amekikalia.

Sasa alimwita wifi aje aone. Alama za kweli walizopita tangu jana zilipakwa kwa kibao cha bati kilichotobolewa tundu la mstari: kingo zake nyoofu, pembe zake nne. Hii haikuwa na pembe. Ilianza nzito upande mmoja, ikaisha nyepesi upande wa pili kama mkia. Wala haikuwa na michirizi ambayo brashi huiacha. Na alama ya kweli ilikaa usawa wa kifua cha mtu, aione bila kuitafuta. Hii ilikuwa usawa wa paja.

"Mtu aliyeinama," wifi alisema, akianza kunogewa. "Hakutaka kuonekana kutoka mbali."

"Au mfupi."

"Au mfupi na kainama."

Inspekta alitoa kisu cha mfukoni, akabandua kipande kidogo cha rangi, akakiweka kwenye leso. Kulikuwa na unywele mweupe, mgumu, umegandia humo. Wifi alisema brashi mbaya hunyonyoka. Inspekta alikubali kwamba brashi mbaya hunyonyoka, akaukunja unywele pamoja na rangi, na hatimaye akainuka.

Walishuka bondeni kwa kuifuata mistari ya uongo, mmoja baada ya mwingine. Lazima isemwe kwamba njia ya uongo ilikuwa nzuri. Ilizunguka mawe pale ambapo mtu mwenyewe angezunguka, ikapita kwenye kivuli, ikateremka kwa upole bila kumvunja mtu magoti, na kila kona ikafungua kipande kipya cha maji, cha kijani mara hii, mara hii cha buluu. Wifi alikuwa wa kwanza kuimba. Inspekta alimkumbusha kwamba hivyo ndivyo wote walivyoshuka.

Mwenye mgahawa aliwapokea mlangoni, na wifi akamfinya Inspekta kiunoni kwa nguvu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na mfupi. Kichwa chake kilifika begani kwa wifi. Na nyuma yake, uani, kulikuwa na viti vya manjano.

Inspekta hakuuliza kitu mpaka alipokaa kwenye kimoja. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia habari za hali ya hewa, biashara inakwendaje. Mwenye mgahawa alisema biashara haijapata kwenda hivi tangu azaliwe. Watu wanafika wamenuna, wanakula, wanaondoka wamechangamka, ila ngazi ndiyo inayowaharibu tena. Huyo aliyepaka ile mistari, yeye anamwombea dua kila siku. Hamjui, wala hataki kumjua, asije akaacha.

"Watu wanasema ni wewe," Inspekta alisema.

"Mimi, afande?" Alicheka hadi akashika meza. "Hebu angalia kiti ulichokalia."

Inspekta aliinuka akakiangalia. Rangi ilikuwa imetiririka miguuni ikaganda matone matone, mgongoni palikuwa na alama ya kiganja kizima, na mahali pengine palikuwa na inzi aliyepakwa pamoja na kiti.

"Mtu aliyepaka hivyo," mwenye mgahawa alisema, "ataweza kumdanganya nani?"

Wifi alisema mjanja anaweza kujifanya mbovu wa kazi. Inspekta alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Aliomba ruhusa, akabandua rangi kidogo chini ya kiti. Ilitoka kama ganda la kitunguu, laini, inang'aa. Akafungua leso, akasugua kile kipande cha jiweni kwa kidole: kilivunjikavunjika, kikaacha chengachenga za mchanga. Hii ilikuwa rangi ya barabarani, ile wanayochanganya na mchanga laini ili ishike na isiteleze. Haiuzwi dukani kwa mtu wa viti.

"Basi si yeye," wifi alisema kwa masikitiko, kwani tayari alikwisha mhukumu.

"Rangi si yake."

"Ni ya nani?"

"Ya ofisi."

Wifi aliipima maana yake. "Wifi," alisema, "tulikuja kumwokoa yule baba, au tulikuja kumfunga?"

Inspekta alisema wamekuja kuona. Lakini hatua zake kuelekea stoo, iliyokuwa nyuma tu ya mgahawa, hazikuwa nyepesi kama za asubuhi.

Brashi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la kazi limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa magotini, tayari kwa kukabidhiwa. Alikuwa mrefu mno. Aliposimama kuwasalimu aligonga kichwa kwenye boriti, na ilionekana hugonga kila siku, maana hakusema hata aah. Inspekta alimtazama akawaza kwamba mtu huyu, ili apake mstari usawa wa paja la mwanamke, ingempasa alale chini.

Stoo ilikuwa safi kuliko jikoni nyingi. Brashi zilioshwa zikaning'inizwa kwa ukubwa wake. Kibao cha bati kilifutwa kikang'aa. Ndoo za rangi zilipangwa ukutani zikiwa zimefungwa bado, isipokuwa moja. Inspekta aliinua kifuniko. Ilikuwa chini ya nusu, na msimu wa kupaka upya ulikuwa haujaanza.

"Hii imekwenda wapi, baba?"

"Ilimwagika, afande."

"Wapi?"

"Hapo."

Wote watatu waliitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imefagiliwa, haina tone la manjano. Brashi mwenyewe aliitazama kama anayeiomba imsaidie. Inspekta alikuwa amesikia uongo mwingi katika kazi yake, uongo mwembamba na uongo uliovikwa suti, lakini hakukumbuka uongo ulioaibika mapema kiasi hiki.

Alimuuliza kama anajua nani anapaka mistari ile. Brashi alisema hakuna anayeipaka. Alimuuliza ana maana gani. Brashi alifungua mdomo, akatazama nje ya dirisha, juu mlimani ng'ambo ya bonde, ambako kulikuwa na nyumba moja nyeupe na ua wa miti, kisha akaufunga.

"Afande," alisema mwishowe, "kuna maneno mtu akiyasema, kazi inapona lakini uso hauponi. Mimi nitampa Mkuu funguo zake."

"Na mkeo?"

"Mke wangu atanisamehe kwa kukosa kazi. Lile lingine asingenisamehe."

Aliyasema haya kwa adabu, bila uchungu, na akawapa njia wapite. Nje, wifi alitoa hukumu ya pili ya siku ile: kuna mwanamke, na anakaa nyumba nyeupe. Inspekta alisema inawezekana kabisa. Lakini kuna jambo moja linamkera, na kabla ya kupanda kwa mwanamke wa nyumba nyeupe angependa kulitoa. Waliifuata mistari ya uongo kutoka juu hadi mgahawani, wakaacha kuifuata kwa sababu walifika kwenye viti. Je, iliishia hapo?

Haikuishia hapo. Waliukuta mwingine kwenye kona ya nyuma ya ukuta wa mgahawa, usawa uleule wa paja, na mwingine kwenye jiwe la ufukweni, halafu mwingine, wakienda mbali na mlango, mbali na meza, mbali na chakula.

"Anayeiba wateja huwafikisha mlangoni," Inspekta alisema. "Huyu anawapitisha."

"Anawapeleka wapi?"

"Twende tukapelekwe."

Walivua viatu. Ufuko ulikuwa mweupe, mchanga umekazwa na maji, na wifi aliingia hadi magotini akisema kama upelelezi wote ndio huu, basi amwombe kaka mtu naye ajiunge na polisi. Mwisho wa ufuko kulikuwa na miamba mipana, myeusi, ambayo mawimbi makubwa hurushia maji yao, na jua likiyakausha maji, chumvi hubaki nyeupe kwenye vishimo. Jiwe la mwisho pale lilikuwa na manjano pande zote, juu na chini, safu juu ya safu, kama mtu aliyekuwa akijaribu brashi kwa mwezi mzima. Na manjano yale yalijaa nywele.

Inspekta alikaa mchangani. Hakupiga magoti tena. Alikaa kama mtu anayesubiri chakula kiive. Wifi alipomuuliza wanasubiri nini, alisema wanamsubiri huyo mpaka rangi.

Mpaka rangi hakukawia. Alitokea nyuma ya miamba, mweupe, mwenye ndevu, akitafuna. Alikuwa na mstari wa manjano ubavuni, umelala, kuanzia begani mpaka pajani. Nyuma yake alikuja mwenzake, na mwenzake, na wadogo wao, na beberu mwenye pembe zilizopinda kama mishikio ya baiskeli, wote na mistari yao. Walipita mbele ya wanawake wale wawili bila salamu, wakaanza kulamba chumvi. Walipotosheka, yule wa kwanza alikwenda kwenye jiwe, akaliegemea, akajisugua ubavu kwa raha, mbele na nyuma, macho kayafumba nusu. Alipoondoka, jiwe lilikuwa na mstari mpya, mzito upande mmoja, mwepesi upande wa pili kama mkia.

Wifi alicheka mpaka akalala chali mchangani. Kila alipojaribu kusema kitu alimwona beberu, akaanza upya. Inspekta naye alicheka, kimya kimya kama kawaida yake, mabega tu yakitikisika, na huku akicheka alikuwa akipanga. Mbuzi hufuata chumvi. Hushuka kwa njia iliyo nyepesi kwa magoti na yenye kivuli. Ndiyo maana njia ile ilikuwa tamu. Husimama kujikuna kwenye mawe yaleyale kila siku, usawa wa mbavu zao. Mtembezi huona mstari, na ameambiwa akiona mstari yuko njiani. Mwenye mgahawa aliwaona mbuzi wale kila siku, na kwa kuwaona kila siku aliacha kuwaona. Watembezi waliwapiga picha. Kila mtu alikuwa akimtafuta mwovu, na mwovu hutafutwa usawa wa kifua.

Ila rangi ya barabarani imetengenezwa kwa mawe. Kwenye manyoya yenye mafuta haikauki upesi. Hufutika kwa kusuguliwa. Kwa hiyo lazima kuna anayewapaka tena na tena. Na ndoo iliyo chini ya nusu ilikuwa ikipelekwa kwa mtu ambaye Brashi asingeweza kumnyima, wala kumtaja.

"Nyumba nyeupe," wifi alisema, akifuta machozi. "Si nilikuambia kuna mwanamke?"

"Uliniambia. Hukuniambia umri wake."

Hawakuhitaji kupanda. Mwanamke mwenyewe alikuwa akiteremka kwa fimbo, mkono wa pili umeshika kopo na kitambaa, mnyoofu, mwenye haraka, kama mtu anayekwenda kuwaosha watoto wa shule. Aliwasalimu, akawapita, akamshika mbuzi wa kwanza sikio, akachovya kitambaa, akampaka mstari mpya ubavuni kwa mkono mmoja. Inspekta alimpa shikamoo na kumsifu kwa ustadi wake. Mama yule alisema ustadi upo, rangi ndiyo haipo. Mbuzi wake wanachanganyika na wa jirani, na jirani ana macho mabovu na mikono mizuri. Akaona awawekee alama. Akamwambia mume wa binti yake amletee rangi. Kaleta, lakini rangi gani hii isiyoshika? Kila wiki anamrudisha akalete nyingine. Hajapata kulalamika, hilo atampa haki yake. Anainama mlangoni, anagonga kichwa, anaweka kopo chini, anaondoka.

"Ni kijana mzuri," aliongeza, kama mtu anayetaja bei ya kitu kilichopunguzwa, "ila kazi yake hiyo ya kupaka mawe siielewi."

Inspekta alimweleza. Alimweleza polepole, bila kumlaumu, akianza na mistari ya juu mlimani na kuishia na koti lililopigwa pasi. Mama mkwe alisikiliza huku mkono wake umesimama juu ya mgongo wa mbuzi. Inspekta alipofikia pale ambapo Brashi alisema kazi itapona lakini uso hautapona, mama aliliweka kopo chini mchangani.

"Leo hii?" aliuliza. "Mchana huu?"

"Sasa hivi, Mama."

Aligeuka akaelekea mgahawani, na fimbo, ambayo walidhani ni ya kutembelea, akaibeba begani. Wifi, aliyekuwa nusu ya umri wake, alikimbia ili asiachwe. Nyuma yao mbuzi walifuata wote, kwa sababu walizoea kumfuata.

Mkuu wa Njia alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha manjano, suruali imelowa hadi magotini, buti moja mkononi akimwaga mchanga, na ilikuwa dhahiri kwa kila mtu kwamba yeye, aliyeichora njia ile kwenye ramani kwa mkono wake, amepotea ndani yake. Badala ya kushuka kwa ngazi alikuwa ameifuata mistari, ikampitisha mlango na kumtia majini. Mwenye mgahawa alimwekea chai na hakuthubutu kucheka. Brashi alisimama mbele yake, koti mikononi, funguo juu ya koti.

Mkuu alisema amejionea mwenyewe. Alisema rangi ya ofisi ni ya ofisi, na mistari ni imani. Mtu anaiacha nyumba yake akaukabidhi mwili wake kwa mstari. Alikuwa akisema vizuri, na kwa haki, na alikuwa amenyoosha mkono apokee funguo, wakati mama mkwe alipoingia uani na mbuzi wake wote.

"Zuia mkono wako, baba," alisema. "Mpaka rangi ni huyu." Akamsukuma beberu mbele. "Na aliyemtuma ni mimi."

Beberu aliona kiti cha manjano kilicho wazi. Alikiegemea, akajisugua. Hapakuhitajika ushahidi mwingine. Hata hivyo Inspekta alifungua leso yake mezani, akaonyesha unywele, akaonyesha mchanga, akaeleza usawa wa paja na mkia wa mstari, kwa sababu kazi iliyofanywa nusu ilimnyima usingizi. Mkuu alitazama kiti, akatazama leso, akatazama suruali yake. Kisha akamgeukia Brashi.

"Ulijua?"

"Nilihisi, Mkuu. Wiki iliyopita niliona nywele."

"Kwa nini hukusema?"

Brashi alitazama viatu vyake. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Angesemaje? Angekuja ofisini aseme mama mkwe wake ameipoteza njia? Angeninyima rangi, aniambie nini? Mimi ni mama wa mke wake. Mimi sijui kama naomba au naagiza. Tangu amemwoa binti yangu hajanipa nafasi ya kujua tofauti." Sauti yake ilipungua. "Ningejua unapoteza nyumba kwa ajili ya mbuzi, mwanangu, ningewapaka masizi."

Mbuzi mmoja alikuwa amepata kona ya kitambaa cha meza, akitafuna. Mkuu alikuwa ameshika buti lake bila kulivaa. Aliitazama bahari kwa muda mrefu, kama mtu anayepigana na jambo la nyumbani kwake.

"Mama mkwe wangu," alisema mwishowe, "aliwahi kuyapenda mapazia ya ofisini kwangu."

"Ukampa?" mwenye mgahawa aliuliza.

"Madirisha yapo wazi mpaka leo. Nimewaambia watu napenda mwanga."

Wifi ndiye aliyeanza, akakimbilia ukutani kujishikilia, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Hata Brashi alicheka, kicheko kirefu kama yeye mwenyewe, ambacho kilionekana kimekaa ndani kwa majuma. Mkuu alisubiri kipite, akavaa buti lake, akarudisha sauti ya kazi. Alisema koti libaki lilipo, na funguo pia. Kesho Brashi aanze kusugua kila mstari wa mbuzi kutoka jabalini hadi ufukweni, asiache hata mmoja. Rangi isitoke tena stoo. Na njia ya mbuzi, ambayo hakuna mhandisi angeichora vizuri vile, yeye Mkuu ataipeleka kwenye kikao, waone kama kuna namna ya kuiunganisha na rasi bila zile ngazi za kutukanisha watu. Lakini kwanza mbuzi waoshwe, na Mama awatafutie alama nyingine.

"Njuga," mama mkwe alisema. "Nitawavisha njuga. Nitawasikia walipo, na hazifutiki."

"Vizuri sana. Njuga."

"Lakini sina njuga." Mama alimtazama Mkuu wa Njia kutoka kichwani hadi kwenye buti lililolowa, bila haraka, kwa jicho ambalo Brashi alilijua vizuri. "Utaniletea."

"Ndiyo, Mama," Mkuu alisema, na alikuwa amekwisha inamisha kichwa kabla hajajua amejibu nini.